Wimbo wa Nyapara Pruitt

Luvenia Gatewood alijua kupiga gitaa kabla hajawahi kulishika. Akiwa na miaka minane alichomoa waya kwenye ufagio wa mama yake, akaupigilia ukutani mwa kibanda chao huko Mississippi, akaukaza kwa kichupa cha ugoro, akawa anaukwaruza mpaka ukalia kama mtu. Mama alimchapa kwa makosa mawili: ufagio, na shetani. Kanisani walifundishwa kwamba bluzi, zile nyimbo za huzuni za watu weusi, ni nyimbo za shetani. Luvenia alilia, akatubu, akarudi ukutani.

Mwaka wa 1931 alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, dobi wa nyumba za wazungu kwenye shamba la pamba la Haskell. Jumamosi mchana alipiga gitaa barazani pa duka, watu wakimsikiliza huku wakila samaki wa kukaanga. Aliimba mvua, aliimba treni, aliimba wanaume walioondoka bila kuaga. Hakuna aliyemsumbua.

Kisha Pruitt, nyapara wa shamba, akampiga Elzie.

Elzie Boatner alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alikataa kulimia nyumbu aliyekuwa anachechemea, na Pruitt akachukua mnyororo wa plau. Elzie alipona, jicho lake la kushoto halikupona. Wa kumshtakia hakuwepo, maana sherifu, mkuu wa polisi wa pale, na Pruitt walikuwa wakiwinda pamoja.

Luvenia aliutunga wimbo akiwa anapiga pasi mashati ya Pruitt mwenyewe. Ulimjia kama bluzi zijavyo, mstari mmoja mara mbili, wa tatu ukijibu:

*Pruitt kampiga Elzie, eti kamhurumia nyumbu,*
*Pruitt kampiga Elzie, eti kamhurumia nyumbu,*
*Mola, mnyororo ule utunze kwa kumbukumbu.*

Alimwimbia shoga yake Roxie Mabry tu, jikoni, kwa sauti ya kunong'ona. Wiki tatu baadaye, akipita na furushi la nguo kichwani, aliusikia ukitoka katikati ya pamba, ukiimbwa na watu asiowajua hata majina. Akaenda moja kwa moja kwa Roxie.

"Roxie! Ulimwambia nani?"

"Binamu yangu. Mmoja tu."

"Mmoja!"

"Shoga, wimbo mtamu haufungiki kabatini. Kosa lako, ungetunga mbaya." Roxie akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata msibani.

Luvenia hakucheka. Tangu siku hiyo kila akisikia kishindo cha kwato alichungulia dirishani.

Jumamosi iliyofuata, saa sita za mchana, farasi wa Pruitt alisimama mbele ya duka. Nyapara alishuka taratibu, bastola kiunoni, akaketi juu ya pipa la misumari. Baraza ilikuwa imejaa. Roxie alikuwepo. Elzie naye alikuwepo, ameegemea nguzo, kitambaa kimefunika jicho.

"Naambiwa kuna wimbo wenye jina langu," Pruitt alisema. "Nataka kuusikia."

"Wimbo gani, bwana?"

"Usinichezee, Luvenia. Imba."

Luvenia alilipakata gitaa. Alianza kupiga, maana kupiga kulimpa muda. Akazunguka sauti ile ile mara moja, mara mbili, kichwa kikitafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani. Watu waliutambua wimbo mara moja, wakashusha macho. Luvenia alimwona Roxie anauma midomo. Aliwaza: akicheka huyu, nimekufa. Akafungua kinywa:

*Pruitt ana farasi mweupe, akipita pamba huinama,*
*Pruitt ana farasi mweupe, akipita pamba huinama,*
*Bwana mwema, Pruitt wetu, atulindaye daima.*

Roxie hakucheka, machozi yalikuwa yanamtiririka. Pruitt aligonga buti sakafuni kufuatisha mdundo.

"Tena," alisema.

Akaimba tena. Safari hii alikosea akamtazama Elzie. Kijana alijisukuma kutoka kwenye nguzo, akashuka ngazi, akaenda zake bila kugeuka.

"Mzuri," Pruitt alisema, akipanda farasi. "Lakini si huo nilioambiwa. Nitauliza vizuri."

Jumapili Luvenia alimfuata Elzie kwake. Alimkuta anamenya viazi vitamu.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mama mdogo? Kwa kutotaka kufa?" Hakuinua uso. "Iliniuma. Sitakudanganya. Lakini jana jioni Pruitt alikwenda kwa binamu wa Roxie. Binamu ana watoto watano, atasema. Ondoka."

"Na wewe?"

"Mimi alishachukua alichotaka."

Jumatatu asubuhi alilifunga gitaa ndani ya shuka na mashati ya wateja, akalitia kapuni, akajitwika, akashika njia ya stesheni ya mji wa pili, maili saba. Nani amshuku dobi na kapu? Hata hivyo alihisi jina la Pruitt limeandikwa mgongoni mwake. Maili ya nne akasikia gari nyuma. Likapunguza mwendo, likasimama. Aliyekuwa kwenye usukani ni mke wa Pruitt.

"Luvenia! Hizo nguo zangu unazipeleka wapi?"

"Kwenye kijito, bibi. Maji ya kisima yamechafuka."

"Mbali kote huku?"

Alipotikisa kichwa kukubali, kapu liliyumba, na ndani ya shuka nyuzi zikanguruma, taratibu, kwa muda mrefu. Mama yule alilitazama kapu. Akamtazama Luvenia usoni, na Luvenia aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote ya kumfulia: alama ya kidole iliyovilia damu, chini ya sikio lake.

"Basi zisuuze vizuri," mama alisema, akaondoa gari.

Kama alisikia au hakusikia, Luvenia hakujua kamwe. Alitembea maili tatu zilizobaki, akapanda treni ya Chicago, na hakulala mpaka ilipovuka mto Ohio, mpaka wa majimbo ya kusini.

Chicago alifua tena, sasa kwa mashine, na Jumapili alipiga gitaa sokoni. Roxie alimwandikia kwamba Elzie yuko salama, ila Pruitt bado anauliza. Miaka sita baadaye mtu wa kampuni ya sahani za santuri alimsikia, akamwita studio. Mbele ya kinasa sauti Luvenia alianza wimbo wa nyumbu. Alipofika penye jina, akalimeza. Kule Mississippi bado kulikuwa na ndugu. Akaimba "nyapara" tu, akamaliza.

Sahani zilipotoka, karatasi iliyobandikwa katikati ilisema Lavinia Gatwood. Mtu wa kampuni aliona aibu, akaahidi kurekebisha.

"Acha hivyo hivyo, bwana," Luvenia alimwambia. "Huyo Lavinia simjui, na yeyote akimuuliza, hata wewe humjui."