Mkeka Unaoitwa Somoe

Dada yangu Mize ana wivu, na wala simsengenyi. Ukimuuliza mwenyewe atakiri. Pale Mlingotini alikoolewa, jirani akinunua sufuria mpya tu, siku hiyo chai haimshuki. Lakini mikono yake, jamani! Mkeka aliousuka Mize ukiupitishia kiganja hugundui vipande vya ukili, ule utepe wa ukindu, vilipoungwa.

Mwaka juzi alibuni nakshi yake mwenyewe: vijiti vyekundu na vyeusi vinavyokimbizana mpaka katikati, vikifika vinafungamana kama vidole vya wachumba. Nilipouona mkeka wenyewe nikamwambia, "Upige picha, uweke mtandaoni, watu waujue ni wako."

Akanikata jicho. "Waniibie? Ng'o!"

Akaukunja, akausukuma uvunguni, usubiri harusi ya binti yake Wahida.

Ukiniondoa mimi, aliyeonyeshwa ni mmoja tu, shoga yake Somoe, wanayechovya naye ukindu rangi kwenye chungu kimoja. Alimwonyesha makusudi, ili naye roho imuume kidogo. Ikamuuma kweli. Wiki tatu baadaye nakshi ileile ilikuwa Instagram, Somoe kaukalia mkeka aliousuka yeye, kashika shavu, na chini kaandika kwamba kaubuni mwenyewe. Watu wa Dar wakaagiza kwa fujo, na kwa kuwa nakshi haikuwa na jina, wakaiita Somoe.

Mize alilia mpaka macho yakavimba. Nikamsindikiza Bagamoyo mjini kwa kijana mmoja anayewasaidia wasanii kusajili kazi zao. Alituamkia, akatusikiliza kwa adabu.

"Mama, unayo picha yoyote iliyopigwa kabla ya hii ya Somoe?"

"Sina."

"Kuna aliyeuona mkeka wako kabla ya tarehe hii?"

"Mdogo wangu huyu. Na Somoe."

Kijana akashusha pumzi. Ushahidi wa ndugu, alisema, ni mwepesi, na mkeka wenyewe hauna tarehe. Njia nzima ya kurudi Mize hakunisemesha, kana kwamba mwizi ni mimi.

Harusi ikakaribia. Wakwe wakatuma ujumbe: chumbani kwa bibi harusi wangependa mkeka wa Somoe. Dada yangu aliwaka, lakini akauvuta ule wake kutoka uvunguni, akaukung'uta vumbi.

Siku yenyewe ulipotandikwa, chumba kizima kiliguna. Mama mkwe wa Wahida, Bi Swaumu, akainama kuupapasa. "Mashallah! Somoe ana mikono."

"Nimeusuka mimi!" Mize akapasuka. "Na nakshi ni yangu, nimeibuni mimi!"

Bi Swaumu akamgeukia Somoe, aliyesimama mlangoni na kanga mpya. "Ni kweli, mwanangu?"

Somoe akatabasamu kwa upole, nikatamani kumzaba kofi. "Kuusuka, kausuka yeye. Mwacheni shoga yangu. Kaniiga vizuri."

Wanawake wakacheka; nani asiyemjua Mize na wivu wake? Nikasimama niseme kwamba mimi niliuona kwanza, lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza.