Kipande Alichokifuta Shangazi

Shangazi yangu ni mpiga video za harusi, na kichwa chake ni kigumu, simsingizii. Mafuriko yalipobomoa mtaa wa bondeni, shirika moja la misaada likamwajiri atengeneze filamu ya watu wanavyojijenga upya. Mimi nilimshikia maikrofoni mpaka mkono ukafa ganzi, na asante sikuisikia.

Alikwenda na mazoea yake ya harusini: mwenye picha huitazama kwanza, na asichokipenda kinatoka. Harusini watu hukataa kidevu kilichotoka vibaya. Bondeni ikawa habari nyingine.

Siku ya kwanza tulimrekodi mama mmoja mwokaji mikate. Maji yalikuwa yamechukua tanuri lake, na mwanawe. Alilia mpaka akashindwa kuendelea. Bosi wa shirika, aliyekuwa nyuma yetu, akasema filamu imepatikana. Wafadhili wakiona hayo watatoa pesa tu.

Shangazi akampelekea mama kamera, akamwonyesha kwenye kile kioo kidogo. Mama akatazama mpaka mwisho.

"Futa," akasema. "Sitaki wanijue hivyo."

"Shangazi, subiri kwanza," nikanong'ona. "Bosi atakufukuza."

"Anifukuze."

Akabonyeza palepale, mama akiona.

Kweli akafukuzwa, siku ileile. Nilimkasirikia mno, maana nilishaiona filamu ile akilini, na majina yetu mwishoni. Nikamwambia ametupa riziki kwa ukaidi. Akanijibu nikunje nyaya.

Lakini bondeni hakuacha kwenda. Jumamosi harusi, siku nyingine bondeni, kwa nauli yake mwenyewe. Akarekodi matofali yakipangwa na mabati yakipigiliwa, na kila aliyerekodiwa akajiona kwanza. Mwokaji mikate alitupa salamu na kupita zake. Nikasema moyoni, huyu ndiyo basi, harekodiwi tena.

Siku tanuri lake jipya lilipowashwa, mama huyo akatuita mwenyewe.

"Dada, leta kamera yako."

Alikuwa na unga hadi viwikoni. Akatoa mkate wa kwanza, akauweka mezani, akaitazama kamera kwa macho makavu. Akataja jina la mwanawe. Akasema mtoto huyo alipenda mkate wa pembeni mwa tanuri, ulioungua kidogo, na kila siku waligombana kwa sababu alikuwa akiumega kabla haujapoa. Hapo sauti ikamkatika, machozi yakaja.

Shangazi akashusha kamera.

"Nani kakwambia ushushe?" mama akasema. "Inua. Sijamaliza."