Mahari ya Kaka

Baba alikuja Nakuru siku ya Jumatano, na hilo peke yake lilitosha kunitia hofu. Hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, na kwa miaka minne niliyofanya kazi ya yaya katika nyumba za wazungu hakuwahi kunitembelea hata mara moja. Nilikuwa naanika nguo za watoto nilipomwona amesimama nje ya lango la nyuma, amevaa koti lake la kanisani. Memsabu alinipa robo saa.

"Mama yako yuko sawa," akasema kabla sijauliza. "Ni kaka yako. Yuko karibu kunyang'anywa bibi."

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashini ya kupasua mbao kule Elburgon. Alikuwa ameposa binti wa mzee mmoja wa hapohapo mashini, fundi wa kunoa misumeno. Siku hizo wazungu walikuwa wanapunguza ng'ombe wa wafanyakazi kwenye mashamba yao, na huyo fundi hakuwa na mahali pa kufunga hata ndama, kwa hivyo wazee walikubaliana mahari iwe ya pesa. Kaka alitoa kidogo, akatoa tena kidogo, halafu akanyamaza. Zikabaki shilingi mia tatu. Sasa, baba alisema, kuna dereva wa lori la mbao aliyekuja na pesa yote mkononi, na baba ya msichana amesema atangoja mpaka Jumamosi, basi.

"Najua uko nazo posta," akasema. "Nimekuja unikopeshe."

Nilikuwa nimezoea kusikia lete. Tangu mshahara wangu wa kwanza, baba alikuwa akituma neno: lete ya mbegu, lete ya blanketi la mama yako, na mimi nilipeleka. Kukopa sikuwahi kusikia kinywani mwake. Angeniamuru ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Lakini alisimama pale nje ya lango la watu, mtu mzima wa kanisa, akingoja nimjibu kama vile mimi ndiye mkubwa.

Pesa nilikuwa nazo. Mia tatu na hamsini, na chache juu yake. Nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote nyumbani ni kwamba zilikuwa na kazi yao. Karibu na landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kulikuwa na mama mzee aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na maandazi. Alikuwa amechoka, anarudi kwao magharibi, na alikubali kuniachia kibanda, mabenchi, vikombe na birika zake mbili kwa mia tatu na hamsini. Alitaka pesa yake Jumatatu. Nisipofika, kulikuwa na fundi viatu aliyekuwa akipita pale kila asubuhi kuuliza.

"Nitakuja Elburgon mwenyewe Jumamosi," nikamwambia baba. "Nitakuwa na jibu."

"Sikupanda basi kuja kutafuta jibu la Jumamosi."

"Baba, nitakuja."

Alinitazama vile alivyokuwa akitazama nyama asiyojua kama imeiva. Halafu akaenda zake. Hakukubali hata maji.

Alhamisi nzima nilipiga pasi. Nilikuwa na pasi ya makaa, nzito, na kila nilipoinua mkono nilikuwa namwona kaka. Huyu ndiye aliyenikopa shilingi sitini za baiskeli, akaendesha hiyo baiskeli miezi mitatu, akaiuza, na hata senti sikuona. Huyohuyo ndiye aliyenifundisha kusoma. Shule ilikuwa yake. Baba alisema msichana atasomea jikoni. Lakini kila kaka alipotoka darasani alikuwa akikaa chini nami nyuma ya boma, ananishika kidole na kukipitisha juu ya herufi, na nikikosea ananipiga kofi dogo, nikipata ananipa nusu ya kiazi chake. Bila kidole kile nisingeweza kusoma hata jina langu kwenye kitabu cha posta. Sasa mtu kama huyo unamhesabia vipi? Niliunguza kola ya bwana, memsabu akanikata shilingi mbili.

Ijumaa nilitoa pesa zote. Nilijiambia kwamba kuzitoa si kuzipeana. Jumatatu nilizihitaji vilevile. Karani wa posta aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jumamosi asubuhi nilipanda treni, behewa la watu wetu, pesa nimezifunga kwenye leso na leso nimeiingiza kifuani. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, na askari walikuwa wakipita kati ya viti wakiuliza barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri. Mmoja alisoma barua ya memsabu akiwa ameishika juu chini, akaniuliza naenda kufanya nini Elburgon.

"Kumwona kaka yangu."

"Na mbona unatetemeka?"

"Baridi, afande."

Akanirudishia barua. Haikuwa baridi bado; baridi ilianza baada ya Njoro, treni ilipokuwa ikipanda. Elburgon nilishukia kwenye ukungu na harufu ya mbao mbichi, na kaka alikuwa pale stesheni, ameazima koti. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli. Alichukua kikapu changu na hakuuliza kama nimezileta, lakini njia yote aliongea bila kupumua: atanilipa thelathini kila mwezi, msimamizi amemwahidi kumwongeza mshahara, ningoje tu nione.

"Na zile sitini?" nikauliza.

Akacheka. Aliponiona sicheki akatazama njia.

Nyumba ya baba ya msichana ilikuwa ya mabanzi, yale magome ya mti yanayotupwa mashini ikishapasua mbao. Ndani walikuwa wameketi watatu: baba yangu, mwenye nyumba, na ndugu wa mwenye nyumba. Niliwasalimu nikiwa nimeinama. Baba hakunitazama usoni. Alitazama kifua changu, mahali leso ilipokuwa imetuna kidogo, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nilitamani ardhi inimeze. Mwenye nyumba akasema wanawake wako jikoni, chai iko njiani, tutaongea baada ya chai.

Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma. Mama ya msichana alinikaribisha, akatoka kwenda kwa jirani kutafuta maziwa, na nikabaki na yule binti. Alikuwa akimenya viazi. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kanisani, kwa mbali. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri, na mikono yake ilikuwa ya mtu anayebeba kuni.

"Wewe ndiye umekuja na pesa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Sijasema nitatoa."

"Usitoe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza kama hampendi kaka yangu, kama anamtaka yule dereva.

"Dereva gani?" Alitupa kiazi kwenye maji. "Hakuna dereva. Baba anataka mabati, anaona aibu kukaa kwenye mabanzi. Alisema akimtaja mwanaume mwingine, pesa itakuja haraka. Na imekuja."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Moshi ulikuwa unaniingia machoni na sikuona sababu ya kuyapangusa.

"Kaka yangu anajua?"

Akatazama mlangoni. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Nilimwambia mimi mwenyewe wiki iliyopita. Alisema, vizuri, basi mambo yataisha upesi."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mimi ndiye nitaishi nayo. Nikiolewa na pesa yako, kila ukija kwangu nitakuwa napika kama mfanyakazi wako. Na yeye atajua kwamba mzigo ukiwa mzito kuna mtu Nakuru. Mimi namtaka, lakini nataka alipe mwenyewe. Hata ikichukua miaka miwili." Akaokota kiazi kingine. "Lakini usinitaje. Baba ataniua."

Mama yake alirudi na maziwa.

Nilitoka nje, nikamwita kaka tusimame kando ya rundo la kuni. Nilimwuliza jambo moja tu: dereva anaitwa nani. Alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta jina, akitazama juu kwenye miti kana kwamba lingeangukia pale, na halafu akaacha kutafuta.

"Ungenipa kama si hivyo?" akasema.

"Ungeniuliza."

"Nikuulize mara ya pili na zile sitini bado? Nilikuwa naona haya."

"Kwa hivyo ukamtuma baba aje asimame langoni kwa mzungu."

Hilo lilimwingia. Aligeuza uso. Nilimwambia aingie amwambie baba ukweli, na mimi hapo nitafikiria la kufanya. Alitikisa kichwa. Alisema baba atamdharau mbele ya wakwe mpaka siku ya kufa, na posa itavunjika palepale. Akanishika mkono. "Nipe leo tu," akasema. "Leo tu, dada." Kaka yangu hakuwahi kuniita dada, alikuwa akiniita mdogo wangu. Nilihisi leso imenibana kifuani, na kwa muda mfupi kabisa nilikuwa karibu kuitoa, ili tu aniachilie mkono.

Wakatuita chai.

Sijui kama nimewahi kunywa chai ndefu kama ile. Ndugu wa mwenye nyumba aliongea juu ya mvua. Mwenye nyumba aliweka kikombe chini, akasafisha koo, akasema kwamba yeye si mtu wa haraka, lakini kuna watu wanaokuja hapa na kuuliza, na yeye hawezi kuwafungia mlango milele. Baba akanigeukia.

"Mwanangu, wazee wanangoja."

Ningesema hakuna dereva, binti angepigwa, na mwenye nyumba angekuwa mwongo nyumbani kwake mbele ya wageni. Ningesema kaka alijua, baba angeaibika mara mbili. Kila neno la kunitetea lilikuwa la mtu mwingine. Lililobaki langu lilikuwa moja.

"Baba, pesa ninazo," nikasema. "Lakini sizitoi."

Baba aliniuliza, taratibu sana, kama nimesema sina.

"Ninazo. Nina kazi nazo. Kaka ana mshahara, atalipa mwenyewe."

"Kazi gani?"

"Yangu."

Alisimama. Hakunipigia kelele; baba alikuwa mtu wa kelele na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliwaambia wazee wamsamehe, kwamba alimlea mtoto asiyemjua, akatoka. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu sikuvisikia tena. Kaka alikuwa amekaa na kichwa kati ya magoti.

Ndipo mwenye nyumba akaanza kukohoa. Alimtazama ndugu yake, akatazama mlango. Alisema kwamba, vizuri, kijana ni mtu wa hapa mashini, anaonekana kila siku, hatapotea. Kama ataleta ishirini kila mwisho wa mwezi, bila kuruka hata mmoja, wao si watu wa kuvunja nyumba za watoto. Dereva hakutajwa tena, si siku hiyo wala nyingine. Nilikimbia nje kumwambia baba, lakini alikuwa amekwisha kupata lori la kumteremsha Njoro.

Jumatatu nilimpa mama mzee pesa yake. Wiki ile niliacha kazi kwa memsabu, nikaanza kukanda maandazi kabla ya zamu ya kwanza ya reli. Kaka alilipa. Alilipa miezi kumi na tano, na mwezi aliougua malaria alimtuma mwenzake na ile ishirini. Walipofunga ndoa nilienda, nikakaa nyuma na wanawake. Wifi yangu alinipakulia chakula kama alivyowapakulia wengine, akapita. Nyama yangu ilikuwa ndogo, na nilifurahi.

Baba alinisalimu siku hiyo kama anavyosalimiwa mgeni. Ukweli sikumwambia. Kaka naye hakumwambia, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo tukikaa pamoja yeye ndiye wa kwanza kuinuka aende.

Baba alikuja hotelini mwaka mmoja hivi baada ya harusi. Ilikuwa saa nne asubuhi, wafanyakazi wa reli wamekwisha kuondoka. Aliketi kwenye benchi la mlangoni, akaagiza chai na andazi moja kana kwamba hatujuani. Nilimletea. Alivunja andazi, akalichunguza ndani kwa jicho la mpishi, akala polepole mpaka likaisha. Halafu akaweka shilingi mezani.

"Baba, chukua pesa yako," nikasema. "Siwezi kukuuzia chai."

"Hii si biashara?"

"Ni biashara."

"Basi uza."

Nilichukua ile shilingi, nikahesabu chenji, nikamwekea mbele yake. Aliihesabu na yeye, akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni aliuliza, bila kugeuka, kama Jumapili ninafungua.

"Hapana, Baba. Jumapili naenda kanisani."

"Mafuta yako yana moto mwingi," akasema. "Andazi linaungua nje, ndani halijaiva." Akashika njia ya stesheni.