Chubwi Juu ya Kompyuta

Kosa la programu likimshinda, Ibtisam hugeuza kiti, akachukua miyaa ya mkindu na kusuka ukili wa mkeka kama alivyofundishwa na shangazi zake kule kisiwani Koyama. Vidole vikishughulika na miyaa, jibu humjia. Ndivyo alivyosoma chuo kikuu, na ndivyo anavyofanya kazi sasa, nyumbani kwao Kismayo, akiandika programu za maduka ya dawa kwa kampuni moja ndogo ya Mombasa.

Mwaka huu bosi wao, Abdulrazaq, aliweka saa ndani ya kompyuta zao. Huhesabu muda ambao vibonye vinaguswa tu. Mkono ukitulia, nayo inasimama. Mara ya kwanza matokeo yalipotoka Ibtisam alikuwa wa mwisho, ingawa ndiye aliyeondoa kosa lililokuwa likichanganya majina ya dawa. Aliona haya kujitetea. Angeanzaje kumwambia bosi kwamba kazi ameifanya akisuka mkeka?

Akachukua chubwi la baba yake, ile risasi inayozamisha mshipi wa kuvulia, akaliweka juu ya kibonye kimoja, kisha akarudi kwenye ukili wake. Saa ikaendelea kuhesabu.

Mzee Badi alilitafuta chubwi lake mpaka akalikuta chumbani kwa bintiye. Aliliangalia lilipokaa, akacheka.

"Na hiyo kompyuta yako yavua nini, mwanangu?"

Ibtisam alisema linazuia karatasi zisipeperuke. Hapakuwa na karatasi. Baba aliona, akatoka bila kuuliza tena, na tangu hapo akawa anavua kwa jiwe alilolifunga kamba.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa video, Abdulrazaq alimsifu Ibtisam mbele ya wote. Kisha akamgeukia mwenzao Mukhtar, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka kisiwa cha Kudha wakati wa vita. Saa zake zilikuwa chache kuliko za wote. Akaambiwa ajifunze kwa Ibtisam, la sivyo atafute kazi kwingine.

Jioni Mukhtar alimpigia simu.

"Nifundishe, dada. Mimi nikikwama lazima nitoke, nitembee. Wewe wakaaje hapo muda wote huo?"

Ibtisam alisingizia mtandao, akakata simu. Mukhtar alikuwa karibu kufukuzwa kwa tabia ile ile aliyokuwa nayo yeye.

Mkutano uliofuata aliomba nafasi ya kusema. Uso ulimwiva.

"Saa zangu si za kweli. Niliweka risasi juu ya kibonye. Mimi pia nikikwama huacha kompyuta, nikasuka mkeka. Msimpime Mukhtar kwa saa zangu."

Mmoja wao alicheka. Abdulrazaq hakucheka. Mukhtar aliachiwa kazi yake, lakini saa haikuondolewa. Bosi aliongeza kamera ya kuwapiga picha wakiwa kazini, wote. Wenzake Ibtisam walijua imeletwa na nani. Salamu zao za asubuhi zikawa fupi.

Ibtisam alimrudishia baba chubwi lake. Mzee alilipokea, akalipima mkononi, akaenda kulifungua lile jiwe.

Siku ya kwanza ya kamera, kosa jipya lilimkwamisha. Alinyoosha mkono kwenye miyaa, akasita, akaitazama ile taa ndogo ya kamera iliyowaka juu ya kioo. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kusuka hapo hapo mbele yake, na picha ikapigwa.