Mdomo wa Amumen

Kazi ya Amumen ilikuwa kupandisha wageni Tassili, milima ya huko Sahara, kuwaonyesha ng'ombe waliochorwa mwambani na watu wa kale. Kazi yake hasa ilikuwa kusema. Juzijuzi alimwaga siri za ukweni mbele ya wahunzi, watu wa kueneza umbeya jangwa zima, na mkewe Dasini akamwambia wazi: "Aibu moja tu nyingine, bwana wee, nang'oa hema." Na hema kwetu ni la mwanamke. Mwanamume akiachwa anabaki na kilemba chake.

Sasa wageni wengine walipokuja, nani kafuata nyuma na punda wa mizigo? Mama mkwe, bibi Tehit. Punda ni wake, na hakuna punda aliyeongozwa na Amumen akarudi bila kidonda. Basi bwana akapanda mlima hajala, hajanywa, kilemba mpaka machoni, maana kwetu mdomo wa mwanamume mama mkwe hauoni hata ukifa. Wala hasemi nawe. Anasema na punda.

"Leo mtaona kondoo wa mwituni mpaka mchoke!" Amumen akawapigia wageni kelele.

"Wewe punda," Tehit akasema, "mwambie huyo akinyamaza watakuja. Kondoo wana masikio."

Hawakuona hata samadi. Swala mmoja alichungulia, akasikia ile sauti, akaenda zake. Ikabaki michoro. Mgeni mmoja, mama wa miwani, akasogeza pua mwambani.

"Ng'ombe wako wapi? Mimi naona madoa."

Hapo akili ikamruka Amumen. Kulowesha michoro ni marufuku, rangi zinababuka, hata mbuzi anajua. Lakini sifa! Akakamata kiriba, akashusha kilemba kidevuni, akajaza mashavu maji, puuu! akautemea mwamba. Ng'ombe wakang'aa. Wageni wakapiga makofi.

Akageuka anachekelea, meno yote nje. Tehit huyo hapo, kamkodolea macho.

Akapandisha kilemba mbio. Maji yakimwagika hayazoleki, na yake yalikuwa yanateremka na wekundu wa ng'ombe.

"Punda wangu," Tehit akasema taratibu, "mapango umeyaona mengi. Lenye meno mabovu vile uliwahi kuliona?"

Akabwaga mizigo palepale, akateremka.

Amumen alifika nyumbani jioni, mizigo ya wageni imempinda mgongo. Akakuta mashimo ya vigingi. Dasini alikuwa anafunga hema juu ya punda.

"Ni maji tu, Dasini!"

"Basi jifunike hayo."

Bibi Tehit akampiga punda kofi la matako, wakaenda.