Kisu cha Kwenda Kanada

Kila siku, akishasali alfajiri, Marhoon hukaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akanoa kisu. Hulimwagia jiwe maji, hunoa bila pupa, kisha hukijaribu kwenye mkono wake wa kushoto. Vinyweleo vikikatika vyenyewe, hukifuta na kukirudisha alani. Kwa hiyo mkono ule ulikuwa mtupu kama wa mtoto mchanga, na bintiye Balqees, aliyekuwa akimletea kahawa, alikuwa ameuzoea hata haoni ajabu.

Mtaa wao wa Mabela wote ulikijua kisu hicho. Idi Kubwa ikifika, watu walimngojea Marhoon hata waliokuwa na wachinjaji wao, maana alisifika kwa jambo moja: mnyama hakuwahi kumfia kabla hajamchinja. Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani alitumbukia katika shimo la msingi wa nyumba, akavunjika, akawa anakata roho. Marhoon aliacha tonge sahanini, akatoka mbio miguu mitupu, akaruka shimoni, akamuwahi jicho lingali likipepesa. Nyama ya watu ikawa halali. Lakini ng'ombe alikuwa na teke moja la mwisho, na tangu siku hiyo goti la kulia la Marhoon hukwama akichuchumaa. Lazima ashike kitu ndipo ainuke.

Mwaka 2003 alipostaafu kazi yake bandarini, Safwan, mtoto wa dada yake anayeishi Kanada, alimpigia simu. Alimwalika kuwinda musi, mnyama wa misitu ya baridi, jamaa ya kulungu, ila kwa urefu humpita farasi, na pembe zake pana kama masinia mawili ya pilau. Wangepelekwa kwa ndege ndogo hadi kwenye ziwa lisilo na barabara wala simu, wao wawili na kiongozi mmoja wa Kizungu. Safwan alikuwa ameshawatangazia jamaa wa msikiti wa kule kwamba mjomba wake anakuja na kisu chake, na mwaka huu watakula nyama ya musi bila ya shaka.

Marhoon akaanza kujitayarisha. Jioni, joto la Agosti likiwa bado linafuka ardhini, alibeba gunia la mchele mgongoni akapanda vilima vya mawe nyuma ya nyumba.

"Abu Balqees!" jirani alimpigia kelele. "Duka limehama?"

"Cheka tu. Nyama ikija usigonge mlango wangu."

Mara nyingine alikwenda Matrah, kwenye chumba cha barafu cha rafiki yake Musallam, muuza samaki, akasimama humo amevaa koti la sufi.

"Toka, bwana weye," Musallam alimwambia, "wateja wataniuliza yule changu mkubwa bei gani."

Watu walicheka, na Balqees alicheka nao, mpaka ulipofika mkanda wa video.

Safwan aliutuma ili mjomba wake aone uwindaji wenyewe. Walikaa sebuleni, Marhoon, mkewe Shaikha na Balqees, ambaye kazi yake ilikuwa kufasiri Kiingereza. Musi alitoka majini, bunduki ikalia, akaanguka. Marhoon akaegemea mbele. Wawindaji hawakwenda. Walikaa nyuma ya gogo wakamimina chai kwenye vikombe.

"Wanangoja nini?" Marhoon aliuliza.

"Kiongozi anasema akianguka asisogelewe. Nusu saa nzima. Anasema anayeonekana kafa mara nyingi huwa hajafa."

Palepale, yule mnyama aliyelala ubavu aliinuka. Hakukimbia. Aliujia moja kwa moja mti mchanga uliokuwa karibu, akaupiga kwa miguu ya mbele, mguu huu na huu, mpaka ukalala chini. Kisha naye akalala.

"Si ule samaki basi!" Shaikha alisema. "Huko Kanada hakuna samaki?"

Marhoon hakucheka. "Nilimuuliza maalim. Nikipiga bismillahi nikafyatua, nikamkuta kesha kufa, halali. Nikimuona yu hai na naweza kumfikia, nikakaa nakunywa chai mpaka roho imtoke, huo ni mzoga."

"Basi na uwe mzoga! Wale jamaa wa Safwan watakufa njaa?"

"Watakula wakiniamini mimi, Shaikha."

Akaomba mkanda urudishwe nyuma. Balqees alidhani anataka kuutazama ule mti. Kumbe babake alikuwa akiyatazama majani baina ya gogo na mnyama, akipima kwa macho pa kupita.

Tangu siku hiyo aliongeza zoezi jingine. Balqees alimuona kutoka dirishani: anatoka mbio ukutani mpaka kwenye mfuko wa saruji aliouweka katikati ya ua, anachuchumaa, anapitisha mkono mtupu juu yake mara moja. Mbio alizimudu. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Kila mara alibaki pale chini kitambo, goti limekwama, akipapasa pa kushika, na uani hapakuwa na cha kushika ila ule mfuko wenyewe.

Asubuhi ya safari alinoa kama kawaida, akakifunga kisu ndani ya taulo, akakitia katikati ya sanduku la nguo. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma nje. Balqees, aliyekuwa na haya hata mbele ya babake, na ambaye hakuwahi kumhoji jambo, alisimama na kikombe cha kahawa mkononi, kimeshapoa.

"Ba," alisema, "akianguka naye bado anapumua, utangoja?"

Marhoon alifunga zipu ya sanduku, akashika ukuta, akainuka.

"Sitongoja, mwanangu."