Kichwa cha Mtoto wa Kinyozi

Kwa wepesi wa mkono, hakuna aliyemfikia. Kinyozi yule angeweza kumnyoa mtu anayepiga chafya na mtu mwenyewe asijue. Vichwa vyote vya mtaa ule vilipita mikononi mwake, na vilitoka na mstari ulionyooka kwenye paji la uso na habari nyingi kuliko vilivyoingia nazo, maana mdomo wake ulifanya kazi sambamba na mashine. Kichwa kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuwa cha mwanawe wa kumzaa.

Mtoto huyo, wa darasa la pili, walimwita Kishada, kwa sababu ukilegeza mkono kidogo tu, keshapaa. Mashine ikianza kunguruma, anauliza inakula nini. Kabla hajajibiwa ameshuka kitini, amefungua kopo la poda, amejipaka na kumpaka mteja. Mtaa ukazoea kumwona mtoto wa kinyozi bingwa akipita na kichwa kilichonyolewa nusu, nusu ya pili ikisubiri siku isiyojulikana.

Kwenye benchi la wanaosubiri hapakukosekana wataalamu. Dereva mmoja wa lori alishauri mtoto anyimwe sukari. Aliyekaa kando yake akashauri aongezewe. Bingwa wao alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyekuja kila siku kusoma gazeti la bure, ingawa utosini hakubakiwa na unywele wa kuonyesha.

"Fundi, huyo haumwi kitu," alisema. "Mimi nimefundisha kwa fimbo maisha yangu yote. Darasani kwangu hapakuwa na mtoto asiyetulia."

Alisema hayo huku akitikisa mguu, akikunja gazeti na kulikunjua, na kuinuka kila mara kuchungulia barabarani.

Siku moja kinyozi akaufuata ushauri wa benchi. Wanaume wakamkamata mtoto, huyu miguu, yule mikono, Mwalimu akashika kichwa. Kishada akajipinda, na mkono ule usiotetemeka ukamchana sikio la kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo. Kelele ndizo zilizofika mbali, zikamkuta mama mtu kwenye cherehani yake, mtaa wa pili.

Mkewe hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha kinyozi. Alimpaka mtoto dawa, baadaye akampeleka kliniki, na walipomaliza kumpima na kuwahoji hata walimu wake, akarudi na jibu: mtoto ana ile hali ya kukosa utulivu na umakini, ambayo hospitalini huiita kwa herufi nne, ADHD. Si utundu na si malezi mabaya, ila wazazi wote wawili wanatakiwa kwenye mafunzo. Kisha akaongeza la kwake.

"Ukimshika tena kwa nguvu, mwanangu atanyolewa kwa Kimya."

Kimya alikuwa kinyozi mwingine, mwisho wa baraza ndefu iliyopita mbele ya maduka yao. Hakuzungumza. Mteja aliingia kwake, akanyolewa, akatoka, kama mtu aliyekwenda kupima presha. "Yule hanyoi," kinyozi wetu alizoea kusema, "anamenya viazi." Mtoto wake akalie kiti cha mmenya viazi? Mke angedai talaka, ingekuwa staha zaidi.

Mshauri wa kliniki alikuwa binti mpole mwenye viatu vya raba. Siku ya kwanza alimwomba kinyozi aonyeshe anavyomwambia mtoto akae. Kiti kitupu kikawa Kishada.

"Mwanangu, njoo ukae hapa," kinyozi akaanza, "usiguse poda, jana tulikubaliana nini, hicho ni wembe, nyoosha shingo, mama yako akikuona hivyo atasema mimi ndiye nimekuharibu, na babu yako hakuwa na mchezo, kuna siku alinituma dukani nikakutana na…"

Mshauri alisubiri mpaka msafara wa dukani uliporudi nyumbani.

"Asante, baba. Katika hayo yote, mtoto alitakiwa afanye lipi?"

Kinyozi akakitazama kiti. Naye alikuwa amesahau. Mkewe akaangalia dirishani, mabega yakimcheza.

Basi wakafundishwa. Mtazame mtoto usoni, mpe agizo moja, fupi. Akitii, msifu palepale, na umtajie alichofanya. Vitimbi visivyomdhuru mtu, vipishe. Kazi ndefu ikate vipande, na kati ya kipande na kipande mwache akimbie.

"Hilo la maneno machache litakutesa wewe kuliko yeye," mshauri alisema. "Jizoeshe hata kwa wateja."

Akajizoesha. "Inamisha kichwa," alimwambia dereva wa lori. Dereva akainamisha. "Umeinamisha vizuri."

Benchi likaangua kicheko. "Tumeshakuwa chekechea," Mwalimu akasema. "Kesho tutaimbishwa. Sifa zinaharibu watu, Fundi."

Lakini dereva alitoka siku hiyo kifua mbele, na wiki ile ile akarudi nywele zikiwa hazijaota. Watu wazima waliokwishazeeka bila kuambiwa neno jema na mkubwa wao wa kazi walianza kukaa kitini kama wanapigwa picha. Mwalimu mwenyewe alipanda kupunguzwa ndevu, akakaa wima, shingo imekaza. Kinyozi akamaliza, akakung'uta kitambaa, akaita mwingine. Mwalimu hakushuka.

"Leo hukuona nilivyotulia?" akauliza, sauti chini.

Ijumaa shule ikamrudisha Kishada: darasa linatazama kichwa badala ya ubao, Jumatatu aje nacho kimekamilika. Jumapili mchana mkewe akaja na mtoto, akasimama mlangoni na mkoba begani, kama mtu ambaye bado hajaamua anaelekea upande gani wa baraza.

Kinyozi akageukia benchi. "Jamani, nje."

"Kwa nini? Sisi tutakaa kimya," Mwalimu akasema, na akaanza kueleza kwa kirefu namna watakavyokaa kimya. Kinyozi akamwangalia usoni. "Mwalimu, nje." Wakatoka. Poda ikafungiwa kabatini.

"Kaa." Kishada akakaa. "Umekaa. Vizuri." Mashine ikapita mara chache, mguu ukaanza kucheza. Kinyozi akaizima kabla mtoto hajaruka. "Kimbia mpaka mwisho wa baraza, urudi."

Mwisho wa baraza palikuwa na mlango wa Kimya. Kinyozi alikumbuka hilo mtoto alipokwisha kuondoka. Kishada aliugusa mlango wa mpinzani, akarudi mbio, akakaa. Kipande kingine, mbio nyingine. Wapita njia wakasimama kutazama kichwa kikipungua kwa awamu, na kila awamu ikipelekwa kwa Kimya kama kwa mkaguzi. Safari moja mtoto aliruka mashine ikiwa bado inanguruma. Mkono wa kinyozi ukainuka kuelekea shingo yake, ukafika nusu ya njia, ukamkuta mkewe anautazama. Ukageuka, ukaenda kuchukua brashi.

Safari iliyofuata mtoto alikawia. Aliporudi alikuwa anahema.

"Baba, amesema umebakisha nyuma ya sikio."

"Nani amesema?"

"Kimya."

Miaka yote ile Kimya hakumsemesha mtu, na neno lake la kwanza ni hilo. Kinyozi alihisi hotuba nzima ikimpanda kooni, yenye viazi na babu ndani yake. Akachungulia. Ilikuwa kweli. Alikuwa amelikwepa sikio la kushoto, na Kishada alikuwa tayari amelifunika kwa kiganja.

Kinyozi akaweka mashine kando, akachukua mkasi, akapiga magoti.

"Ondoa mkono."

Pakawa na kimya kirefu, pengine kirefu kuliko vyote vilivyowahi kupita chumbani mle. Kinyozi hakukijaza. Kiganja kikashuka, kidole kimoja kimoja.

"Umeondoa. Vizuri sana, mwanangu."

Mkasi ukalia kidogo, kazi ikaisha. Kishada akajigeuza mbele ya kioo, akakitazama kichwa chake chote kama kitu kilichoazimwa, kisha akatoka mbio kwenda kumwonyesha Kimya. Dirishani ukatokeza utosi usio na unywele.

"Fundi, sikusema neno hata moja."

"Nimesikia, Mwalimu. Asante."

Mkewe akaushusha mkoba begani, akaja kumpangusia mumewe nywele kwenye kola.

"Umesema maneno machache leo," akasema. "Vizuri."

Kinyozi akaokota ufagio. Alifagia pale alipokwisha kufagia, akapafagia tena, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikosa la kuongeza.